Maswali na majibu: Mgomo wa wanawake katika kiwanda cha ushonaji cha gereza, uandikwe vipi?

SWALI: Naandika tamthilia ya vipindi 6 kuhusu wafungwa wanawake wanaoshona mashati ya sare kwa ajili ya kampuni binafsi, ndani ya gereza la nchi niliyoibuni. Waliosoma rasimu wanasema kiwanda hakiaminiki na mgomo unaanza ghafla mno: kiongozi anapanda juu ya meza, anahutubia, wote wanaacha kazi. Kiwanda kama hicho huendeshwaje? Wanawake wangepingaje kabla mambo hayajafika kwenye fujo? Na mwisho, washinde au washindwe?

JIBU: Ndugu mwandishi, anza na kosa lenyewe, kwa sababu hapo ndipo miswada mingi ya magereza inapolegea. Mtazamaji anaambiwa wanawake wananyonywa, lakini haonyeshwi ni mpaka gani uliovukwa. Kumpa mfungwa kazi si haramu kwa jumla. Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930 hauihesabu kuwa kazi ya kulazimishwa ile anayopewa mtu kwa sababu amehukumiwa na mahakama, mradi kazi hiyo isimamiwe na mamlaka ya umma na mfungwa asikodishwe wala kukabidhiwa kwa mtu binafsi au kampuni. Kampuni yako inagonga sharti hilo la pili moja kwa moja. Wataalamu wa Shirika hilo huikubali kazi ya namna hiyo iwapo tu mfungwa ameridhia kwa hiari na masharti yake yanakaribia ya wafanyakazi walio huru. Kwa hiyo gerezani kwako lazima iwepo fomu ya ridhaa, na fomu hiyo ni mhusika kamili. Ilisainiwa siku gani, mbele ya nani, na aliyekataa kusaini alinyimwa nini wiki iliyofuata?

Kisha zisome Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Kanuni ya 97 inakataza mfungwa kufanyishwa kazi kwa manufaa binafsi ya askari yeyote wa gereza. Ya 99 inasema masilahi ya wafungwa na mafunzo yao yasiwekwe chini ya faida ya kiwanda. Ya 102 inataka saa za kazi ziwekwe kwa sheria na iwepo siku moja ya mapumziko kwa wiki. Ya 103 inataka malipo ya haki, sehemu mfungwa aweze kuitumia, sehemu kuituma kwa familia, na sehemu atunziwe hadi atoke. Hizi si mkataba unaoifunga nchi, hivyo tunga pia vifungu vichache vya sheria ya magereza ya nchi yako na uvishike tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho. Usizimwage zote kwenye mazungumzo. Moja au mbili zinatosha.

Ningechagua ya 116: mahabusu, yaani mtu ambaye kesi yake haijaamuliwa, apewe nafasi ya kufanya kazi lakini asilazimishwe, na akifanya alipwe. Muweke mahabusu mmoja kiwandani, kwa kuwa anajua kushona na mkuu wa gereza anamhitaji. Kuwepo kwake tu kati ya waliohukumiwa tayari ni kasoro, maana wanatakiwa kutenganishwa. Hana punguzo la kifungo la kupoteza, kwa hiyo tishio linalowanyamazisha wenzake halimpati. Lakini kesi bado inamsubiri, na anaogopa taarifa ya gereza itakayofika mahakamani. Mpe kazi ya kupachika kola. Sababu iko kwenye hesabu.

Shati la sare halishonwi na mtu mmoja. Kitambaa hukatwa kwa matabaka, vipande hufungwa pamoja kwa mafungu, tuseme 20 kila fungu, na kila fungu hubeba tiketi yenye namba ya oda, saizi na jina la operesheni. Fungu hupita kutoka cherehani moja hadi nyingine: mabega, kola, mikono, ubavu kwenye ovaloki (cherehani inayofunga kingo za kitambaa), pindo, matundu, vifungo, kisha pasi na ukaguzi. Kila operesheni ina muda wake. Tuseme kola ni dakika 1.2, mikono 0.8, pindo 0.6, na kila kazi ina mshonaji mmoja. Siku ya saa 8 ni dakika 480. Wa pindo anaweza kumaliza 800, wa mikono 600, wa kola 400. Basi laini nzima, yaani mfululizo wa cherehani hizo, haiwezi kuzidi mashati 400, hata wengine wakimbie vipi. Na hiyo 400 ni kwa mtu asiyeinuka wala kubadilisha bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Ukimpa ufanisi wa asilimia 85, ambao ni mzuri kwa mshonaji mzoefu, anapata 340.

Sasa mwambie msimamizi adai 480 kwa siku. Kola 480 kwa dakika 1.2, kwa ufanisi huo wa asilimia 85, zinachukua saa 11 na dakika kama 18. Kiwango kinatangazwa kuwa ni cha saa 8, lakini ndani yake zimefichwa saa 3 na zaidi ambazo hazimo kwenye daftari la mahudhurio. Kuna mtu atakayezilipa: mama anayenyonyesha ambaye mtoto yuko kwenye chumba cha watoto na maziwa yanamlowanisha gauni, mwanamke aliye kwenye hedhi anayenyimwa ruhusa ya kwenda msalani kwa sababu fungu halijaisha, mzee ambaye mgongo hautaki tena. Tukio lako la kwanza la upinzani ni wanawake wawili wakifanya hesabu hiyo nyuma ya tiketi ya fungu, kwa chaki ya fundi. Hakuna hotuba. Mmoja anasema namba, mwingine anabisha, wanarudia, namba inatoka ileile. Hapo mgomo umeshaanza na mtazamaji ameuelewa kabla ya askari.

Hatua inayofuata ni mgomo baridi. Mwenye kola akiongeza sekunde 18 kwa kila shati, muda wake unatoka dakika 1.2 hadi 1.5, na uwezo wa laini unashuka kutoka 400 hadi 320. Sekunde 18 hazionekani kwa macho: ni kunyoosha kitambaa mara ya pili, kukagua ncha ya kola, kukata uzi taratibu. Tena hazionekani mapema, kwa sababu mbele ya mshonaji wa mikono kuna akiba ya mafungu. Akiba ikiwa vipande 60, na wa mikono akiendelea na kasi ileile ya shati moja kwa dakika 1.2, akiba hiyo inaisha baada ya saa 6 za kazi. Kazi ikianza saa 2 asubuhi na kukiwa na saa moja ya chakula, wa mikono anakosa kazi saa 9 alasiri. Msimamizi atamfokea yeye, mtu asiye na kosa, kwa kuwa ndiye aliyekaa bure. Huo ndio mgogoro wa kipindi cha 2: je, wa mikono atamtaja mwenzake?

Vifaa navyo vinaweza kuandika nusu ya tamthilia. Mkasi umefungwa kwa mnyororo mezani. Vikatio vya uzi vinaning'inia kwenye ubao uliochorwa umbo la kila kimoja, ili pengo lionekane kutoka mlangoni. Hakuna anayetoka hadi hesabu ya vifaa na ya watu zilingane. Sindano inatolewa mpya kwa kurudisha ya zamani, na iliyovunjika lazima irudishwe na vipande vyote, vibandikwe kwenye daftari la sindano pamoja na tarehe, namba ya mashine na jina. Kipande kikikosekana, fungu linatengwa na sakafu inapekuliwa. Viwanda vya kawaida hufanya hivyo ili mnunuzi asichomwe. Gereza lina sababu ya ziada, yaani silaha.

Msimamizi mwenye haraka huiruka kanuni hiyo. Sasa fikiria wanawake wanaoamua kuifuata neno kwa neno. Sindano ya saizi 90 inavunjika kwenye mkunjo mzito wa kola, ncha haipatikani, mshonaji ananyoosha mkono na kuomba upekuzi kama ilivyoandikwa ukutani. Laini inasimama dakika 40 na hakuna aliyevunja amri. Ili kumwadhibu, mkuu lazima aandike kwamba amemwadhibu kwa kutii kanuni. Kufuata kanuni kikamilifu ni silaha bora kuliko kuharibu mashine. Kuharibu mali humpa mkuu kosa la wazi la kinidhamu, na mtazamaji anajua nani atashinda hapo.

Kuhusu majeraha, acha damu nyingi. Jeraha la kawaida ni sindano kupita kwenye kidole cha shahada, mara nyingi kwa sababu kinga ya kidole imeondolewa ili kazi iende mbio. Sindano hukwama ndani ya kidole, na mashine husimama mguu unapotoka kwenye pedali. Mshonaji hawezi kuvuta mkono. Mwenzake hulizungusha gurudumu la mashine kwa mkono ili kuinua sindano. Ukitaka picha moja ya karibu katika kipindi kizima, iwe hiyo, na kamera ibaki kwenye gurudumu.

Sauti nayo. Cherehani za zamani zenye mota ya klachi huunguruma muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata mguu ukiwa nje ya pedali. Zile zenye mota ya servo, ya kisasa zaidi, hunyamaza mara mshonaji anapoacha kukanyaga. Kama kiwanda chako ni cha zamani, wanawake wote wakiacha kushona bado kuna mngurumo, na kimya unachokitafuta hakiji hadi mtu ainuke akazime swichi kuu. Amua ni nani. Na kwa kuwa kelele zinameza maneno, mipango haisemwi mezani: inasemwa kwenye foleni ya kuhesabiwa, kwenye bomba la maji, wakati wa kupeleka fungu.

Sasa adhabu. Rasimu nyingi hukimbilia rungu. Gereza lina mambo ya kimyakimya yanayouma zaidi: punguzo la kifungo, siku ya kutembelewa, simu, nafasi ya kulala, uhamisho wa kwenda gereza la mbali na watoto. Taulo za hedhi zinaweza kugeuzwa zawadi ya anayefikisha kiwango, ingawa Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, zinazohusu wafungwa wanawake, zinataka zitolewe bure. Kanuni ya 23 kati ya hizo inakataza kumkatia mfungwa mawasiliano na familia yake, hasa watoto, kama adhabu. Ya 22 inakataza kumtenga mjamzito, mwenye mtoto mchanga gerezani au anayenyonyesha. Kwa wengine, Kanuni za Mandela zinasema kifungo cha upweke ni kufungiwa saa 22 au zaidi kwa siku bila mawasiliano ya maana na watu, na zinakataza kukiendeleza zaidi ya siku 15 mfululizo. Kwa hiyo mkuu mjanja atamtoa aliyetengwa siku ya 15, amlaze usiku mmoja selo ya kawaida, amrudishe.

Usimsahau nyapara. Mfungwa aliyepewa mamlaka ya kuwaadhibu wenzake ni kinyume cha Kanuni ya 40 ya Mandela, lakini ni njia rahisi ya kuvunja umoja. Asiwe mwovu tu. Amebakiza miezi 4, ana mtoto nje, na kiwango kisipofikiwa yeye ndiye wa kwanza kupoteza. Wenzake wakimshawishi, mgomo unaimarika. Wakimpiga, umekufa.

Mkuu atajaribu kumbadilisha mwenye kola. Kola ni kazi ngumu: anayejifunza huhitaji wiki kadhaa kufikia kasi, na katikati yake hutoa kola zilizopinda ambazo mkaguzi atazirudisha. Hivyo kitakachoamua mgomo wako ni swali dogo: kiti kikiwa wazi, nani atakubali kukikalia? Waite mmoja mmoja ofisini. Kila mmoja akatae kwa sababu yake, mmoja kwa woga wa wenzake, mmoja kwa kusema hajui kushona kola ilhali anajua. Matukio hayo yanakupa kipindi cha 4 chote bila mtu kupiga kelele.

Barua iliyofichwa ndani ya mfuko wa shati utaitaka, kila mtu huitaka. Kigunduzi cha sindano hakitaiona kwa sababu kinatafuta chuma, lakini mkaguzi hugeuza mifuko, na shati huchukua wiki au miezi kumfikia mvaaji. Haiwezi kumwokoa mtu ndani ya kipindi kilekile. Malalamiko ya kawaida yana nguvu zaidi kuliko yanavyoonekana: Kanuni ya 56 ya Mandela inampa mfungwa haki ya kupeleka malalamiko kwa uongozi mkuu wa magereza au mahakama bila maudhui kuchujwa. Tiketi zenye namba ya oda ya kampuni na daftari la mahudhurio, vikiwekwa pamoja, ni ushahidi. Mgomo wa kula uuweke kando, kwa sababu ukiingia unameza hadithi nyingine zote na unadai daktari, maji, chumvi na hatari inayoupata mwili mtu anapoanza tena kula.

Juu ya kushinda: historia inakuruhusu. Juni 1975, wafungwa wanawake katika gereza la Raleigh, North Carolina, Marekani, walikaa nje na kukataa kurudi ndani, na mazingira ya kazi kwenye dobi la gereza yalikuwa kati ya madai yao makuu. Askari waliingizwa kuwarudisha kwa nguvu. Baadaye dobi lilifungwa. Kwako, ushindi uwe wa kupimika: kiwango kishuke kutoka 480 hadi 340, saa zibandikwe mlangoni, jina la kampuni litoke kwenye tiketi za mafungu. Gharama nayo ipimike: wawili wapelekwe mbali, na mahabusu asikie hukumu yake katika kipindi cha 6, kabla ya shati la kwanza la oda mpya kukatwa.