Kabla hujakata waya kwenye nguzo ya uani

Wadogo zangu mnaoanza ufundi umeme hapa Dodoma, kazi ya kubadilisha nguzo ya uani mtakutana nayo mapema. Nyumba za kupanga zimeongezeka sana tangu serikali ianze kuhamia huku, na mwenye nyumba akishajenga vyumba vya nyuma huvuta umeme kutoka kwenye mita yake ya LUKU, akaupitisha kwenye nguzo aliyoisimika mwenyewe. Hiyo ndiyo ninayoizungumzia. Nguzo inayoleta umeme mpaka kwenye mita ni ya TANESCO. Usiiguse hata uongezewe hela, mwambie mteja akatoe taarifa. Na hii ya ndani pia ifanye chini ya fundi mwenye leseni ya EWURA mpaka upate yako.

Sasa shikeni hili kuliko yote: nguzo iliyooza mara nyingi husimama kwa sababu waya zimeishikilia. Ukiitazama kwa juu utaiona nzima. Mchwa na uozo huanzia pale mti unapoingia ardhini, kwa sababu hapo unyevu na hewa hukutana. Fundi mgeni hupanda, hukata waya wa upande mmoja, na waya wa upande wa pili humvuta yeye pamoja na nguzo. Vijana wanavunjika migongo kwa namna hiyo, na inaniuma kwa sababu kuipima nguzo ni kazi ya dakika chache tu.

Fukua kuizunguka, kama sentimeta 30 kwenda chini. Gonga kwa nyundo: mti mzima hulia kwa ukali, ulioliwa ndani hulia kama debe tupu. Kisha dunga kwa bisibisi. Ikizama, usipande wala usiegemeze ngazi. Ifunge kwanza kamba pande nne kwenye vigingi vilivyopigwa sawasawa ardhini, ndipo ufungue waya.

Kabla ya hapo, zima meni swichi na uifunge ili mpangaji asije akaiwasha. Waulize wote kama kuna mwenye jenereta au sola yenye inveta, maana umeme unaweza kurudi kwa njia hiyo. Pima kila waya kwa tesita uliyoijaribu kwanza mahali penye umeme, na ukimaliza ijaribu tena hapohapo.

Kina cha shimo ni sehemu ya kumi ya urefu wa nguzo, jumlisha sentimeta 60. Nguzo ya mita 7 inakwenda chini mita 1.3. Kiangazi ardhi yetu ni ngumu kweli, kwa hiyo mwaga maji jioni, asubuhi mtaimbo utaingia. Ukikuta udongo mweusi wa mbuga, usiurudishe shimoni, kwa sababu huvimba masika na kupasuka kiangazi, na nguzo hulegea. Leta moramu, shindilia kidogo kidogo, tabaka la sentimeta 20 kwa 20. Zege kwenye nguzo ya mti mimi silipendi, linaweza kutunza maji kuzunguka shina.

Nguzo ikizidi urefu, usikate chini. Dawa ya mchwa na uozo iliyotiwa kwenye nguzo haifiki moyoni mwa mti. Ukikata kitako umewafungulia mchwa mlango. Kata kichwa, kisha ukifunike kwa bati. Na waya upite juu kiasi cha boza la maji kuingia uani bila kuugusa.

Halafu ile nguzo ya zamani. Mtu atakuomba kuni, na kuni ni ghali. Mkatalie. Nguzo nyingi zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu inayotoka na moshi na kubaki kwenye majivu. Mweleze mwenye nyumba waziwazi kwamba haifai kupikia, kuchomea matofali wala kutengenezea hori la mbuzi. Vumbi la msumeno lizoe lote, na unawe mikono kabla hujala.