Maswali na Majibu: Mhalifu, Jirani na Kitanzi katika Uingereza ya Zama za Kati

Ikiwa hapakuwa na polisi, ni nani aliyewakamata wahalifu?

Ni wanakijiji wenyewe, tena kwa amri ya sheria. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 iliwataka wanaume wa miaka 15 hadi 60 wawe na silaha kwa kadiri ya mali zao, malango ya miji yalindwe usiku, na vichaka vifyekwe futi 200 kila upande wa njia kuu ili wanyang'anyi wasipate maficho. Aliyeona uhalifu alipaswa kupiga yowe, na walioisikia walilazimika kutoka na kumfukuza mhalifu. Kijiji kilichozembea kilitozwa faini.

Je, ni kweli kwamba kila mwizi alinyongwa?

Sheria ilisema hivyo kwa yeyote aliyeiba mali ya zaidi ya peni 12, na haikutoa adhabu ya kati, kwa kuwa gereza lilikuwa hasa mahali pa kusubiria kesi. Hata hivyo, washtakiwa wengi waliofikishwa mbele ya majaji wa mfalme waliachiwa huru. Tangu mwaka 1215, Kanisa lilipowakataza mapadre kushiriki katika kuwapima washtakiwa kwa moto na maji ili Mungu aonyeshe mwenye hatia, uamuzi ulianza kuangukia jopo la wanaume 12 wa sehemu ile ile, na watu hao mara nyingi walikuja mahakamani wakiwa tayari na habari za mshtakiwa na za ukoo wake. Waliweza kushusha thamani ya mali iliyoibwa, au kueleza kwamba muuaji alikuwa amebanwa ukutani asiwe na njia ya kujiokoa ila kwa kupiga. Mimi siuoni huo kuwa udhaifu wa mahakama. Naona ni watu waliokataa kumuua jirani yao kwa kosa ambalo hawakuliona kuwa linastahili kifo. Linalonihuzunisha ni kwamba huruma hiyo ilimhitaji mtu ajulikane, na mgeni asiye na wa kumtetea alisimama peke yake.

Kukimbilia kanisani kulimsaidia mtu?

Kulimsaidia kwa siku 40. Ndani ya muda huo alichagua kwenda mahakamani, au kuungama mbele ya ofisa wa mfalme aliyechunguza vifo na kuapa kuihama nchi daima, akitembea na msalaba mkononi hadi bandari aliyopangiwa, huku mali yake ikitwaliwa.

Wenye vyeo nao waliadhibiwa?

Mara nyingi waliponyoka. Mwaka 1326 ndugu wa ukoo wa Folville, watu wa tabaka la juu huko Leicestershire, walishiriki kumuua Roger Bellers, jaji wa mahakama ya hazina. Mwaka 1332 genge lao likamteka jaji Richard Willoughby na kudai fidia ya maelfu ya shilingi za wakati ule. Eustace, mmoja wa ndugu hao na kiongozi wa genge, alipata msamaha wa mfalme, akaenda vitani, wala hakunyongwa kamwe. Ndugu yake Richard, paroko wa Teigh, ndiye aliyeburutwa nje ya kanisa lake na kukatwa kichwa na waliokuwa wakimsaka, na hao nao wakapewa kitubio na Kanisa kwa kumwaga damu ya padre.