Kazi ya likizo ukiwa mwaka wa kwanza wa sheria

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi kutafuta kazi ya likizo na ndo kwanza uko mwaka wa kwanza. Sivii iwe ukurasa mmoja, na kama uliwahi kufanya kazi ya kuuza dukani weka tu, usione aibu. Ila kinachosahaulika sana ni sampuli ya maandishi, yani kazi yako moja ya kuonyesha unavyoandika, chukua ile memo ya darasani, ule uchambuzi wa kisheria ulioandika, isome kwa sauti, angalia kila kesi uliyoitaja haijatenguliwa na mahakama ya juu, hapo ndo wanapokupima kweli. Mi nilishatuma barua ya kuomba kazi ina jina la ofisi nyingine, sikujibiwa, iliniuma mno, kwahiyo kagua mara mbili. Alafu usikimbilie mafemu makubwa ya mawakili tu, jaribu ofisi za msaada wa kisheria, mahakamani kwa majaji, au muulize profesa kama anahitaji msaidizi wa utafiti.