Jibu: Bibi na mtoto wa miaka 3 kwenye It's a Small World

Dada, ondoa shaka. Umeuliza kama mama mkwe mwenye goti bovu na mtoto wa miaka 3 wanaweza kupanda mashua ya It's a Small World pale Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney huko Florida, Marekani. Wanaweza kabisa. Hakuna sharti la urefu, na mashua haiporomoki popote. Inasukumwa taratibu na maji, dakika 10 hivi, katikati ya mamia ya midoli wanaoimba wimbo mmoja tu. Huo wimbo utalala nao, nakuambia mapema!

Goti ndilo la kuangalia. Kuingia ni kushuka hatua moja hadi kwenye benchi, kwa hiyo mtu amshike mkono. Akiwa na kiti cha magurudumu, ipo mashua inayokipokea. Mwambieni mhudumu kabla ya kupanga foleni.

Nendeni mchana jua likiwa kali, maana kote ni ndani. Ile ya Pirates of the Caribbean nayo ni mashua, ila ina giza, mizinga na mporomoko mmoja. Kwa mtoto wa umri huo ningeiacha kwanza.