Kabla ya kununua mtambo wa kuondoa chumvi, pima maji yanayopita usiku

Msomaji mmoja anayefanya kazi katika shirika la maji la nchi ya visiwa ameniandikia juzi. Wizara yao imepokea mpango wa mageuzi wenye mambo matatu: sheria mpya ya shirika, bei mpya ya maji, na mtambo wa kuondoa chumvi wa mita za ujazo 1,000 kwa siku. Anauliza waanze na lipi. Namjibu kwamba wasianze na lolote kati ya hayo. Najibu hadharani kwa sababu wengi mnaosoma hapa mmekabidhiwa mpango wa namna hiyo hiyo, na nia yetu ni moja: maji yatoke usiku na mchana, yawe salama, na shirika lijiendeshe bila kuombaomba.

Nimalizane na sheria kwanza. Shelisheli ina shirika moja la umeme, maji na majitaka tangu 1986. Palau iliunganisha umeme na maji mwaka 2013. Komoro ilikwenda njia ya pili: mwaka 2018 ilivunja shirika lililobeba vyote viwili, wakabaki na SONELEC ya umeme na SONEDE ya maji. Muundo wowote kati ya hiyo unaweza kufanya kazi na wowote unaweza kukwama. Sheria ikitenganisha hesabu za maji na hesabu nyingine zote, ikaipa bodi uwezo wa kumwajiri na kumwondoa mkurugenzi, na ikailazimisha serikali kulipa ankara zake, inatosha. Nchi yenye wahandisi wa maji wanne au watano haina ruhusa ya kuwafungia miaka miwili kwenye vikao vya kuandika vifungu.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Chagueni eneo moja dogo, maunganisho 500 hadi 1,000 (yaani nyumba zilizounganishwa na bomba), ambalo mnaweza kulifunga kwa vali na kulilisha kwa bomba moja tu. Hakikisheni kweli limefungika: fungeni vali zote za mpakani, kisha fungeni na hilo bomba la kulilisha, mtazame geji ya presha ndani ya eneo. Isiposhuka hadi karibu na sifuri, maji yanaingia kutoka mahali pengine, na hesabu zote zitakazofuata zitakuwa za uongo. Mara nyingi mkosaji ni vali ya zamani ambayo mpini unazunguka lakini lango lake limekatika ndani, au bomba ambalo halipo kwenye ramani.

Kisha pimeni maji yanayoingia eneo hilo kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Kama mnaishi kwa mgao, lilisheni eneo hilo bila kukatiza kwa wiki nzima kabla ya kupima. Siku za mwanzo matangi ya majumbani yatakuwa yanajaa na vipimo vitawatisha bure. Hamna dira kubwa ya bomba kuu? Tumieni tangi linalolisha eneo hilo. Fungeni maji yanayoingia tangini, pimeni kina kwa kijiti au utepe. Chukueni tangi la duara lenye kipenyo cha mita 10: eneo lake ni mita za mraba 78.5, kwa hiyo kina kikishuka sentimita 20 kwa saa mbili, yametoka mita za ujazo 15.7, yaani karibu 7.9 kwa saa. Eneo la maunganisho 600 lina matumizi halali ya usiku ya takribani lita 2 kwa unganisho kwa saa, jumla mita za ujazo 1.2. Zinazobaki, 6.7, ni mivujo. Zidisheni kwa 20 badala ya 24, kwa kuwa mchana presha hushuka na mivujo nayo hupungua. Mnapata mita za ujazo 134 kwa siku. Mji wenye maeneo saba ya namna hiyo unamwaga ardhini zaidi ya mita 930 kila siku.

Rudini kwenye mpango mkaone ukubwa wa mtambo. Kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari hutumia kama kilowati-saa 4 kwa mita moja ya ujazo, na mitambo midogo huzidi hapo. Kwa mita 930 ni zaidi ya kilowati-saa 3,700, na kwa jenereta ya kawaida hiyo ni karibu lita 1,000 za dizeli kwa siku, iliyoletwa kwa meli, ichomwe, maji yatengenezwe, halafu yapite kwenye matundu yale yale. Hamtaziba yote, lakini hata nusu yake ni utajiri. Inaniuma sana kila ninapoona mkopo wa miaka mingi unasainiwa kabla ya mtu yeyote kukesha usiku mmoja kando ya tangi.

Kuutafuta mvujo kisiwani kuna ugumu wake. Kwenye mchanga wa matumbawe, na kwenye miamba yenye matundu ya volkano kama ya Ngazidja, kisiwa kikuu cha Komoro, maji hayachipuki juu. Yanazama moja kwa moja. Msingoje dimbwi wala simu ya mwananchi. Fungeni vali moja moja, kuanzia ya mbali kabisa kurudi kwenye chanzo, mkiachia dakika 15 hadi 20 kila hatua na mtu mmoja akisoma dira. Pale mtiririko unaposhuka ghafla kuliko inavyostahili kwa idadi ya nyumba zilizofungiwa, hapo ndipo pa kwenda na fimbo ya kusikilizia sauti ya mvujo. Bomba la plastiki halisafirishi sauti mbali, kwa hiyo sikilizeni kwenye kila unganisho na kila dira.

Mtakuta kwamba tatizo kubwa haliko kwenye bomba kuu. Liko kwenye kile kipande cha kuingia nyumbani, hasa pale kinapotoka kwenye bomba kuu na pale kinapokutana na dira. Vipande vya chuma cha mabati kwenye udongo wenye chumvi huliwa kwa miaka michache. Tundu la milimita 3 tu, kwa presha ya mita 30 (yaani ya maji yaliyosimama kimo hicho), hutoa karibu lita 9,000 kwa siku. Fundi akija na kipande cha mpira wa tairi na waya, amekopa miezi mitatu. Badilisheni unganisho lote kwa bomba la polithini la daraja la PE100, milimita 25, la PN16 (linalohimili presha ya bar 16), kipande kimoja kisicho na kiungio kuanzia klampu inayoshika bomba kuu hadi kwenye dira. Boliti za klampu ziwe za chuma kisichoshika kutu daraja la 316, kwa kuwa la 304 karibu na bahari halidumu. Viungo vya shaba iliyochanganywa na zinki (brasi) viwe vya aina isiyopoteza zinki, la sivyo hubaki na vitundu kama sifongo na kuvunjika mkononi. Fukieni sentimita 60 chini, na mchanga safi usio na vipande vya matumbawe sentimita 10 kuzunguka bomba.

Kama mnachomelea plastiki kwa umeme, simamieni kukwangua. Tabaka la juu la bomba, kama milimita 0.2, lazima liondolewe kwa kikwangulio chake. Msasa haufai. Futeni kwa spiriti, msiguse tena kwa mikono yenye jasho, fungeni kibanio cha kushikilia bomba lisisogee, na msikifungue hadi muda wa kupoa ulioandikwa kwenye kiungio uishe. Karibu kila kiungio kinachoachia baada ya mwaka kilikosa moja ya hizo, au jenereta ilikuwa inapanda na kushuka wakati wa kuchomelea.

Presha nayo ina sauti yake. Penye vilima, kushusha kutoka mita 30 hadi 20 hupunguza mivujo kwa kama theluthi moja, na mabomba hupasuka mara chache zaidi. Kwenye visiwa tambarare presha tayari ni ndogo, na adui ni kufungua na kufunga kila siku: hewa inakimbia mbele ya maji na kuzungusha dira, mteja anatozwa hewa, na ana haki ya kukasirika. Wekeni vali za kutolea hewa sehemu za juu na fungueni polepole. Bomba likiwa tupu hunyonya kilicho nje, na nje kuna mashimo ya choo. Klorini iwe angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30 za kuchanganyika, na isipungue 0.2 kwenye bomba la mwisho. Kwa poda ya asilimia 65, kuweka miligramu 1 kwa lita kwenye mita za ujazo 1,000 kunahitaji kilo 1.54. Poda iliyokaa kwenye stoo ya bati lenye joto hupoteza nguvu, kwa hiyo pimeni kwenye bomba la mteja, msiamini hesabu ya stoo.

Wale mnaotegemea maji baridi yanayoelea juu ya maji chumvi, kama Tarawa Kusini nchini Kiribati inavyotegemea hifadhi za Bonriki na Buota, kila mita moja ya maji baridi juu ya usawa wa bahari inabebwa na takribani mita 40 chini yake. Ukishusha juu kidogo, chini inapanda sana. Ndiyo maana kisima kirefu chenye pampu kubwa ni uharibifu. Tumieni mabomba ya kulala yenye matundu, yaliyofukiwa karibu na uso wa maji, ya mamia ya mita, yakivuta kidogo kidogo mfululizo. Pimeni kila mwezi uwezo wa maji kupitisha umeme, maana hupanda chumvi inapoongezeka. Yakikaribia maikrosimensi 2,500 kwa sentimita, punguzeni kuvuta kabla watu hawajalalamikia ladha. Na wenye ardhi iliyo juu ya maji hayo walipwe kwa wakati. Hakuna uzio utakaowazuia watu kujenga kwenye hifadhi ambayo wenyewe wameacha kulipwa kodi yake.

Sisemi mtambo usinunuliwe kamwe. Ukame wa 2011 uliifanya Tuvalu itangaze hali ya hatari na kuletewa mitambo kutoka nje, na kuna visiwa visivyo na chanzo kingine. Ila msiweke kila kitu mahali pamoja. Desemba 2014 moto kwenye mtambo wa Malé, mji mkuu wa Maldivi, uliwaacha zaidi ya wakazi 100,000 bila maji ya bomba, na India ikapeleka maji kwa ndege na meli. Ombeni vitengo vitatu vidogo badala ya kimoja kikubwa, nyaya za kila kimoja zipite njia yake, matangi ya angalau siku tatu, na mkataba utaje kilowati-saa kwa mita ya ujazo ambazo mkandarasi atalipa faini akizidisha.

Bei ni ya mwisho, na hapa nasema kwa ukali kwa sababu nimeona mageuzi mengi yakifia hapa. Usimpandishie bei mtu anayepata maji saa mbili kwa siku. Eneo likishapata maji saa 24, wekeni dira mpya, mpeni mteja miezi mitatu ya ankara za kuonyesha tu bila kudaiwa, azibe boya la tangi lake na choo kinachovuja, kisha bei ianze. Viwango vinavyopanda kadiri mtu anavyotumia vinaonekana vya haki, lakini familia tatu zikitumia dira moja, maskini ndiye anayelipa kiwango cha juu. Hesabuni kaya, si dira.

Na mdaiwa wa kwanza ni serikali. Hospitali, polisi, shule, wizara zenyewe. Mwananchi hatalipa akijua waziri halipi. Baraza la mawaziri likitaka kundi fulani lipewe maji bure, liandike kiasi hicho kwenye bajeti na kukihamisha kila robo mwaka. Ndugu zangu wakurugenzi, msione aibu kupeleka ankara ikulu.

Kukata maji kwenye nchi ambayo msoma dira ni mpwa wa mdaiwa ni jambo la pekee. Msimwachie kijana uamuzi huo. Orodha itoke kwenye kompyuta, picha ya dira iwe na tarehe na saa, na wasomaji wabadilishane mitaa kila robo mwaka. Badala ya kukata kabisa, wekeni kisahani chenye tundu la milimita 1: kwa presha ya mita 20 hupitisha kama lita 33 kwa saa, familia haifi kiu na deni linalipwa. Wekeni chujio mbele yake, maana chembe moja ya mchanga huziba.

Mwisho ni stoo. Aina moja ya dira, ukubwa mmoja wa bomba la nyumbani, aina moja ya klampu kisiwa kizima, hata kama mfadhili anayefuata anapenda nyingine. Meli ikichukua miezi mitatu, agizeni mara akiba inapofika ya miezi sita. Na kila kazi, kuanzia kuchomelea hadi kupima klorini, iwe na watu wawili wanaoijua, kwa kuwa mmoja wao atahamia ng'ambo na hatatoa notisi ndefu.