Pano ya sola yenye iliangalia Kasumbalesa

Mutoto wangu Furaha,

Mesaji yako niliisoma jana magaribi, lakini huku Kipushi kura (umeme) ilikatika na telefone ikazimika, njo maana najibu leo. Unauliza uchukue kozi ya sola ya miezi sita pale INPP, shule ya ufundi, ao uongeze miaka mbili Unilu, chuo kikuu ya Lubumbashi, kwenye ile centre ya Afrika ya mambo ya batri. Na mama yako tayari amekuambia «muulize papa», nilicheka.

Mi naanza na swali ingine: huyo mwenye atakufundisha, alishapandaka juu ya manjanja (mabati ya nyumba) ya nani?

Habari ya pano ya shangazi yako munaichekaka kila Noeli lakini hamuijue yote. Mwisho ya 2008 bei ya shaba ilianguka, migodi mingi ikafunga, na wa kwetu pia. Mwaka ulifuata nikajiandikisha kozi ya sola ya wiki tatu. Mwalimu alikuwa muntu muzuri, krawati kila siku, na kitabu kimoja ya Ulaya, tukaandika yote kwenye kaye: pano iangalie kusini, iinamishwe digri 35. Hata siku moja hatukupanda ngazi. Sertifika mama yako aliitia kwenye kadre karibu na Bikira Maria, iko pale mupaka leo.

Mwezi wa Desemba nikamufungia shangazi yako pano mbili juu ya frigo yake ya samaki ya tomson, kule Lubumbashi, komini ya Kenya, kusini, digri 35, zinaangalia Kasumbalesa kabisa, kwenye mupaka wa Zambia. Na ikatumika! Hiyo njo inanichoma mupaka sasa, ilitumika muzuri, sababu Desemba saa sita ya muchana jua ya kwetu inapita kidogo upande wa kusini, sawa na kitabu, basi nikatembea mitaa yote kifua mbele. Kisha ikaingia Juni, mbingu safi, hakuna hata wingu, na frigo ikageuka kabati. Nikalaumu batri, zilikuwa za kamio, lori (nazo zilikuwa na kosa, batri ya kamio ni ya kuwasha moteri, haipendi kumalizwa kila usiku), nikanunua zingine kwa deni. Bure. Njo mutoto wa jirani, mwenye alikuwa anaanika mihogo, akaniuliza: papa, jua iko kaskazini, upande wa Likasi, juu ya nini pano zinaipa mugongo? Mbele ya bantu. Mbele ya shangazi yako na ndoo yake ya tomson ya kuoza.

Siye tuko chini ya ekweta, karibu digri 12, pano inaangalia kaskazini na inalala karibu tambarare, digri 15 inatosha, mvua isafishe vumbi. Zangu, Juni saa sita, zilikuwa zinapata kama sehemu moja kati ya tatu ya jua. Muntu wa ngazi angeniambia hii kwa dakika mbili.

Lakini ngoja, usiseme papa anachukia masomo. Kitabu hakikudanganya, kilisema juu ya jua ya kwao, na mwenye anajua jua inatembea namna gani mwaka muzima haanguke kwenye shimo yangu, na hiyo ni mambo ya shule, si ya ngazi. Kumbe pengine Unilu. Na tena kobalti, zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka huku kwetu, makamio yanapita ile ile barabara ya Kasumbalesa, kisha batri zinaturudilia kwenye katoni. Mutoto wangu akijua kuzitengeneza nitakasirika? Lakini miaka mbili, halafu fabrike ya kukuandika kazi iko wapi? Na sola, kila avenue iko na mwenye anatafuta fundi, na mafundi wengi wako kama mimi wa mwaka ule...

Unaona, nilishaanza kukuamulia, na mama yako alinikataza. Naacha.

Enda INPP, usiishie kwa biro (ofisi), pita nyuma kwenye ateliye uangalie kama kuko ngazi na kama ngazi iko na udongo. Unilu vile vile, uliza bale wanafunzi kama walishafungua batri na mikono yabo. Kisha unipigie, utaniambia wewe.

Ukipita kwa shangazi yako musalimie. Sasa pano zake zinaangalia Likasi, nilizigeuza mwenyewe, usiku.

Papa