Bustani katikati ya nyumba: kwanza maji yatoke wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Nina kiwanja cha mita 20 kwa 30 huku Goba, Dar, nataka nyumba ya kisasa ya vyumba vitatu yenye bustani katikati, sebule na dining zifunguke bustanini kwa milango mikubwa ya kioo, tailizi za ndani na nje ziwe levo moja, na bati lifichwe nyuma ya ukuta. Fundi wangu kakataa katakata, anasema masika ya kwanza tu nitalala kwenye maji. Inawezekana au niachane nayo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiachane nayo, inawezekana kabisa, ila fundi wako naye anasema kitu cha kweli kwa hiyo mkae chini mmalizane kabla hamjamwaga jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, maana mabomba yanapita chini ya jamvi na baada ya hapo ni kubomoa tu.

Bustani iliyozungukwa na vyumba pande zote nne ni bakuli. Piga hesabu, mita 5 kwa 6 ni mita za mraba 30, mvua ikinyesha milimita 50 hapo ni lita 1,500. Hizo bado hazitishi. Balaa linakuja bati likiinamishwa kuelekea ndani, tuseme mita za mraba 60 tu za bati, umejiongezea lita 3,000 zinazoshuka palepale. Kwa hiyo mwambie mchora ramani paa lote limwage nje ya nyumba, kwenye bustani ishuke mvua yake yenyewe basi.

Kuna nyumba niliitwa asubuhi baada ya mvua ya usiku, nikakuta sofa zimepandishwa juu ya meza, zulia limevimba, mama mwenye nyumba ameshika ndoo na bustani imejaa hadi kwenye reli ya mlango. Tundu la kutolea maji lilikuwa moja. Nikazamisha mkono nikatoa jani la mwembe, moja tu, limelala bapa juu ya wavu wa lile tundu, na nilipolinyanyua maji yakaanza kuzunguka na kushuka palepale. Tangu siku hiyo sichori tundu moja. Weka mawili yaliyoachana mbali, kila moja na bomba lake la inchi 4, mteremko angalau sentimita 1 kwa kila mita, na chemba mahali unapoweza kuzibua, na tafadhali usiyaunganishe na karo la choo maana mvua kubwa italijaza likurudishie uchafu ndani.

Halafu mimi ningekushauri usizungushe pande zote nne. Chora nyumba kama herufi U, upande wa nne uwe ukuta wa fensi, faragha yako iko palepale lakini mabomba yakiziba yote mawili maji yana njia ya juu ya ardhi ya kutokea, ilimradi njia hiyo iwe chini kuliko sakafu ya sebule na isimwage kwa jirani.

Levo moja: kawaida tunashusha nje sentimita 15, hiyo ndo salama. Ukitaka lazima ziwe sawa, weka mfereji wenye grili urefu wote wa mlango, uunganishwe na yale mabomba, na tailizi za nje ziteremke sentimita 2 kila mita kuukimbia mlango. Bila huo mfereji mi siwezi kukusainia ramani.

Sasa hilo bati la kuficha. Tatizo lake linaondoa upenu, na kioo bila upenu ni jiko. Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, mwezi wa sita jua la mchana linakaa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili kusini, mara zote likiwa juu sana, kwa hiyo kioo kinachotazama kaskazini au kusini unakikinga na kibaraza cha zege kinachotokeza mita 1.2 hadi 1.5 juu ya mlango. Magharibi usiweke kioo kikubwa, jua la saa kumi linaingia chinichini hadi kwenye kochi. Na acha dirisha pana upande wa kaskazini-mashariki, upepo wa kaskazi ndo unakuja miezi ya joto. Wazee wa Lamu walilijua hili, nyumba zao za mawe zina kiwanda, yaani ua wa ndani, na misana, yaani kumbi ndefu, imefunguka kwenye ua huo, hewa inatembea bila feni.

Mbu usiwadharau, dengi ilitusumbua hapa Dar 2014 na tena 2019 na mbu wake anauma mchana, milango ikiwa wazi. Milango iwe na wavu, na visahani vya chini ya vyungu mwaga maji kila wiki. Miti panda mlimao, mpopoo, asumini. Mwarobaini na mifikusi hapana, mizizi yake itafuata mabomba.

Wiki hii chimba shimo la sentimita 60 pale bustani itakapokuwa, jaza maji, yakishakauka jaza tena halafu angalia saa. Yakikaa hadi kesho yake udongo wako haunywi, usitegemee shimo la kufyonza, itabidi mabomba yafike mtaroni barabarani. Nitumie hayo majibu pamoja na mteremko wa kiwanja unaelekea upande gani, ndo tupange chumba kipi kikae wapi.